Usaili wa kada ya uchumi na fedha: matukio ya sasa nisome nini, niache nini?

Mchumi Mtarajiwa

Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu.

Nimeitwa usaili wa mchujo kada ya Mchumi, huu wa Sekretarieti ya Ajira. Nadharia za chuo naweza kujitetea, ugavi na mahitaji, unyumbufu, hesabu za pato la taifa, hayo hayanipi presha sana. Kinachonitoa jasho ni yale maswali ya uchumi wa nchi ulivyo sasa hivi, biashara na fedha, maana hapo sijui hata pa kuanzia.

Kwenye gruupu letu la wasapu watu wanarusha PDF mpaka simu inagoma, na zenyewe zinapingana. Moja inasema bajeti ya serikali ni trilioni 44.39, nyingine 49.35, nyingine 56.49. Riba ya Benki Kuu huku 5.5, huku 6, huku 5.75. Waziri wa Fedha hapa Mwigulu, pale jina lingine kabisa. Sasa mtu anakariri ipi aache ipi, na kila aliyetuma PDF anaapa ya kwake ndo "mpya kabisa imetoka juzi".

Halafu EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki), SADC (ya nchi za Kusini mwa Afrika), COMESA (soko la Mashariki na Kusini mwa Afrika) na lile Eneo Huru la Biashara la Afrika vyote kichwani kwangu ni uji mmoja, nani yuko wapi na anafanya nini sielewi.

Mwenye uzoefu wa hizi saili naomba anishike mkono, nakariri takwimu au nasoma maelezo? Nawasilisha.

Leja Kuu

Mkuu hizo PDF hazipingani, kila moja ni ya mwaka wake na aliyezitengeneza hakuandika mwaka, ndo tatizo lote hapo. Trilioni 44.39 ni bajeti ya 2023/24, 49.35 ni ya 2024/25, 56.49 ni ya 2025/26. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 unaisha Juni 30 kwahiyo ukiona namba ya bajeti haina mwaka wenye ule mkwaju katikati, ihoji kwanza kabla hujaiweka kichwani. Waziri hivyo hivyo. Bajeti ya 2025/26 ilisomwa na Mwigulu Nchemba Juni 2025, kweli kabisa, ila Novemba 2025 akateuliwa kuwa Waziri Mkuu na Wizara ya Fedha akapewa Balozi Khamis Mussa Omar. Sasa swali linaweza kuja "nani aliwasilisha bajeti ya 2025/26" au likaja "nani ni Waziri wa Fedha", majibu mawili tofauti na yote yatakuwepo kwenye machaguo, wewe ukikimbilia jina unalolizoea umeisha.

Kwenye riba ya Benki Kuu nitakaa kidogo maana ndo sehemu watu wengi wanakariri namba bila kujua ni mnyama gani.

Mpaka mwisho wa 2023 BoT (Benki Kuu ya Tanzania) ilikuwa inaongoza sera ya fedha kwa kuangalia ujazi wa fedha kwenye mzunguko. Januari 2024 wakahamia mfumo wa riba, wakatangaza ya kwanza 5.5. Aprili 2024 wakapandisha ikawa 6, ikakaa hapo zaidi ya mwaka, Julai 2025 wakashusha ikawa 5.75. Anayeamua ni Kamati ya Sera ya Fedha, inakaa kila robo mwaka, na kabla ya siku ya mtihani ingia saiti ya BoT uone kikao cha mwisho kilisemaje, usimuulize mtu wa gruupu.

Sasa hii riba siyo ile utakayokopeshwa wewe. Inaongoza soko la mabenki yenyewe kwa yenyewe, benki A imeishiwa leo inakopa kwa benki B kwa siku saba, BoT inataka riba ya huko icheze karibu na hiyo ya kwao, juu asilimia mbili chini asilimia mbili. Ikiwa 5.75 basi uwanja wa kuchezea ni 3.75 mpaka 7.75. Ikitaka kupanda kupita hapo BoT inamwaga fedha kwenye mabenki, ikishuka mno inazinyonya kwa kuuza dhamana. Hilo ndo la kuelewa, kwa sababu swali la mtego linakujaga hivi: mbona riba ya Benki Kuu haifiki sita lakini mikopo ya kawaida mtaani inazunguka 15 na zaidi? Jibu ni kwamba benki inaongeza gharama ya amana za wateja wake, gharama za kuendesha matawi, hatari ya wasiolipa, na pia inajua ikiamua kuikopesha serikali kupitia hatifungani (hati za serikali za kukopa kwa riba) inapata faida bila kukimbizana na mdaiwa, sasa kwa nini ikukopeshe wewe kwa bei ya bure.

Ukielewa hicho kitu namba ikibadilika kesho wewe unabadilisha namba tu, maelezo yanabaki.

Kizibo

Nampinga Leja Kuu kidogo, kwa heshima.

Mchujo ni maswali ya kuchagua bro, hakuna atakayekuuliza maelezo. Unakaa ukumbini na watu kibao (ile ya TRA, Mamlaka ya Mapato, ya 2025 nafasi zilikuwa 1,596 na waombaji walivuka laki moja, pata picha), dakika zinakimbia, anayekariri vizuri anapita anayeelewa vizuri anabaki anafikiria. Maelezo yana siku yake, ukifika mbele ya paneli ya mahojiano. Kwanza pita.

Kwahiyo mimi nakwambia kariri, ila kariri kwa akili. Ujanja wao mkubwa ni mwaka wa sheria dhidi ya mwaka wa kuanza kazi. BoT sheria yake ya kwanza 1965, ilifunguliwa Juni 14, 1966, gavana wa kwanza Edwin Mtei, wa sasa Emmanuel Tutuba tangu Januari 2023 alipompokea Florens Luoga. TRA sheria 1995, kazi ilianza Julai 1, 1996. Jumuiya ya Afrika Mashariki mkataba ulisainiwa Novemba 30, 1999, ukaanza kutumika Julai 7, 2000. Soko la hisa Dar lilisajiliwa 1996, biashara ikaanza 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ni TOL. Umeona? Kila moja ina miaka miwili na wanaweka yote kwenye machaguo.

VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ilianza Julai 1998 ikiwa asilimia 20, ikashushwa 18 mwaka 2009. Kizingiti cha kusajiliwa VAT kilikuwa mauzo ya milioni 100 kwa mwaka, kikapandishwa milioni 200 kuanzia Julai 2023, PDF za zamani bado zinasema 100. Nchi kuitwa ya kipato cha kati cha chini, Benki ya Dunia ilitangaza Julai 1, 2020. Tozo za miamala ya simu 2021. Noti za zamani zile za 1985 hadi 2003 ziliondolewa, dirisha la kubadilisha lilikuwa Januari 6 mpaka Aprili 5, 2025, pamoja na ile noti ya mia tano ya 2010 ambayo watu wanaisahau.

Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF (chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha; orodha hiyo ni ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) Oktoba 2022 ikatolewa Juni 2025. Dira ya Maendeleo ya 2050 ilizinduliwa Dodoma Julai 17, 2025, inaanza kutekelezwa Julai 2026, lengo uchumi wa dola trilioni moja na kipato cha mtu mmoja dola 7,000. Haya kunywa maji endelea.

Dada wa Mpakani

Nyie wawili mnabishana bure, mchujo una maswali ya kukariri na ya hesabu pia, na biashara ya kimataifa wanaipenda sana kwa hesabu. Mdogo wangu njoo huku kwenye huo uji wako niupakue.

Anza na swali moja tu: hili kundi lina ushuru mmoja kwa mgeni wa nje, au kila mtu ana wake? EAC ni Umoja wa Forodha tangu Januari 2005. Maana yake bidhaa zikitoka nje ya jumuiya, mpango ni kwamba ziingilie Mombasa au Dar zikute ushuru ule ule, sifuri kwa malighafi na mitambo, 10 kwa zilizosindikwa nusu, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 kuna daraja la nne la 35 kwa bidhaa wanazotaka kulinda viwanda vya ndani. Kila Juni nchi zinaomba kukaa nje ya viwango kwa bidhaa fulani fulani, hiyo ipo, ila kanuni ni hiyo. SADC na lile Eneo Huru la Afrika ni maeneo huru ya biashara, wanachama wanaondoleana ushuru wao kwa wao lakini kila nchi inabaki na kiwango chake kwa wa nje. COMESA sisi tulijitoa mwaka 2000, Kenya na Uganda wamo. Kwahiyo ukiulizwa Tanzania ipo wapi, sema EAC, SADC na la Afrika. La Afrika lilisainiwa Kigali Machi 2018, likaanza kuwa sheria Mei 2019, biashara Januari 2021, makao Accra, bunge letu likaridhia Septemba 2021.

EAC ngazi zake kwa mpangilio: forodha 2005, soko la pamoja Julai 2010, itifaki ya umoja wa fedha ilisainiwa Kampala Novemba 2013 ikilenga sarafu moja 2024, haikufika, wakasogeza 2031. Nchi ziko 8, Somalia ndo ya mwisho, mwanachama kamili tangu Machi 2024, kabla yake DRC 2022. Ukikuta PDF inasema 6 au 7 ifute kabisa usiiweke hata kwenye faili la kumbukumbu.

Sasa hesabu. Mzigo wa juisi umefika mpakani, thamani pamoja na bima na nauli ni milioni 10. Umetoka nje ya jumuiya na tuseme uko daraja la 25. Ushuru milioni 2.5. VAT haipigwi kwenye 10, inapigwa kwenye 12.5, yaani thamani ukijumlisha ushuru, asilimia 18 yake ni milioni 2.25. Jumla unalipa milioni 4.75 (ushuru wa bidhaa na tozo ndogo ndogo za reli na za kuchakata nyaraka niziache pembeni, kwenye mtihani huwa wanakupa kama wanazitaka). Mzigo huo huo ukitoka Nairobi, una cheti cha uasili (karatasi ya kuthibitisha ulikotengenezwa), umetengenezwa kule kweli kweli siyo kubandika lebo, ushuru ni sifuri. Hapo wengi wanaandika hulipi kitu. Unalipa VAT, milioni 1.8, kwa sababu VAT inafuata mlaji alipo, juisi ya Moshi inalipa na ya Nairobi inalipa. Hilo swali nimeliona kwa macho na watu wazima wenye digrii zao walilichapia.

Cheti kikikosekana juisi ya Nairobi inachukuliwa kama ya nje, ushuru wote unasimama. Ndo maana wanaopeleka mizigo wanagombania kale kakaratasi kuliko mzigo wenyewe.

Na kwenye matukio ya karibuni shika mawili. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, Malawi ilikuwa imezuia vitu kama mchele, unga, tangawizi na ndizi kuingia kwao, Afrika Kusini nayo ndizi zetu zilikwama mlangoni miaka, wakaongea na baada ya siku chache zuio likaondolewa. Wote wako SADC, hakuna aliyepandisha ushuru hata senti, hicho ndo kinaitwa vikwazo visivyo vya kiforodha. La pili ni amri ya Julai 2025 iliyozuia wasio raia kufanya biashara 15, uwakala wa miamala ya simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, kununua mazao shambani na nyinginezo. Wakenya walilalamika kwamba inagonga soko la pamoja. Mbele ya paneli utaulizwa wewe unaonaje, na pale hawatafuti msimamo wako wa kisiasa, wanataka waone unajua kuna amri ya ndani na kuna itifaki ya 2010 na unaweza kuzitaja zote mbili bila kutoa povu.

Mchumi Mtarajiwa

Dada ubarikiwe sana, ile ya VAT nilikuwa naandika sifuri na nilikuwa na uhakika wangu kabisa haha.

Naomba niongeze mawili. Shilingi na dola, mwaka 2024 ilipanda mpaka ikavuka 2,700 baadaye ikashuka, hii kupanda kushuka naielezaje? Na hii habari ya BoT kununua dhahabu, benki kuu na dhahabu wapi na wapi? Kingine mfumuko wa bei, serikali inasema uko chini lakini ukiongea na mtu wa mtaani atakutukana.

Leja Kuu

Kwanza lugha, dola ndo ilipanda ikavuka 2,700, shilingi ilishuka. Ukiwa mbele ya paneli ukisema shilingi imepanda hadi 2,700 wataangaliana. Namba kubwa maana yake shilingi dhaifu.

Dola hapa kwetu zina msimu. Nusu ya pili ya mwaka utalii umechanganya, korosho zinauzwa kuanzia Oktoba, dola zinaingia. Januari hadi Juni zinapungua huku mafuta, mbolea na mitambo vinaendelea kuagizwa kama kawaida. Ongezea 2022 na 2023 Marekani ilipandisha riba kwa kasi, dola zikawa na thamani kila mahali, nchi karibu zote za huku zililia. Ukimaliza kueleza hivyo taja hatua zilizochukuliwa, ya kwanza hiyo dhahabu na ya pili kanuni za Machi 2025 zilizopiga marufuku kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, zile kodi za apatimenti za dola na ada za shule za dola.

Dhahabu sasa. Benki kuu inaweka akiba ya fedha za kigeni ili nchi iweze kuagiza vitu hata mambo yakiharibika. Inapimwa kwa miezi ya uagizaji, lengo letu la ndani isipungue miezi 4, la EAC ni 4.5. Kuongeza akiba kwa njia ya kawaida lazima uzinunue dola sokoni, na ukizinunua wewe mkubwa unazidi kuzipandisha bei. Dhahabu inachimbwa hapa hapa, BoT inailipia kwa shilingi, inakaa kama akiba inayokubalika dunia nzima. Sheria ya Madini kifungu cha 59 ikatumika, kuanzia Oktoba 1, 2024 wachimbaji wakubwa na wafanyabiashara wa dhahabu wanaosafirisha nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe na kuuzwa ndani, BoT ndo mnunuzi. Ubaya wake upo pia na ukiutaja utawafurahisha: shilingi zile zilizolipwa zinaingia kwenye mzunguko, BoT ikikaa kimya zinaweza kusukuma bei, kwahiyo inabidi izivute tena, na hapo unarudi kwenye ile habari ya riba niliyoeleza juu.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Bidhaa inayoongoza kuuzwa nje ni dhahabu, 2024 ilivuka dola bilioni 3. Lakini ukiulizwa nini kiliingiza fedha nyingi zaidi za kigeni mwaka huo ni utalii, ilikuwa karibu bilioni 3.9. Utalii ni huduma siyo bidhaa, soma swali vizuri.

Athari za shilingi kushuka usiishie kwenye "bei za vitu kupanda". Deni la nje linanenepa likihesabiwa kwa shilingi hata kama serikali haijakopa senti mpya. Bei ya mafuta, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) wanatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwenye hesabu yao kuna bei ya soko la dunia na kuna dola, vitu viwili. Mwezi mwingine mafuta duniani yameshuka na hapa yamepanda, watu wanapiga kelele wameibiwa, kumbe dola imekula lile punguzo. Mkulima wa korosho anayeuza nje yeye anachekelea.

Kizibo

Mfumuko niachieni mimi, nao unakaririka.

2022 wastani 4.3, 2023 ukawa 3.8, 2024 ukawa 3.1. Lengo usizidi 5. NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wanatoa kila mwezi karibu na tarehe 8. NBS siyo BoT, wengi wanachanganya, BoT inaudhibiti, NBS inaupima. Ukuaji wa pato la taifa 2023 ni 5.1, 2024 ni 5.5, mwaka wa kizio (ule ambao bei zake zinatumika kulinganisha) 2015.

Na yule wa mtaani wala hakosei mkuu. Mfumuko kutoka 4.3 kuja 3.1 haina maana bei zimeshuka, zimepanda tena ila kwa mwendo mdogo. Kitu cha 1,000 kikapanda asilimia 4.3 kinakuwa 1,043, mwaka unaofuata 3.8 kinakuwa karibu 1,083, halafu 3.1 kinaenda kama 1,116. Mfumuko umeshuka miaka yote hiyo, bei hajawahi kuiona ikirudi elfu moja. Juu ya hapo kapu la NBS chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimebeba kama asilimia 28, sasa mtu ambaye zaidi ya nusu ya kipato chake kinaishia sokoni, chakula kikipanda mfumuko wake yeye siyo wa NBS. Swali linakuja "mfumuko ukishuka maana yake ni", chaguo A bei zimepungua. Nusu ya ukumbi inaondoka na A.

Leja Kuu

Kizibo kumbe unaeleza vizuri hivyo halafu unatuambia tukariri tu 😂

Kizibo

Nimekariri maelezo mkuu, shida iko wapi.

Mama Hatifungani

Nimesoma kimya kimya tangu juu, niwape kongole. Mmeacha CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) na hatifungani.

CAG haraka: Ibara ya 143 ya Katiba. Anawasilisha ripoti kwa Rais, kila mwaka huwa mwisho wa Machi, kisha inaenda bungeni Aprili. Siyo yeye anayeipeleka bungeni moja kwa moja, ni Rais anayeagiza iwasilishwe. Inahusu mwaka wa fedha ulioisha Juni iliyopita, kwahiyo ripoti ya Aprili 2025 ni ya 2023/24, hapo pia wanapenda kutega.

Mwanangu Mchumi, kabla sijakupa ya hatifungani nijibu kwanza hili. 2021 serikali ilileta hatifungani ya miaka 25 kwa riba ya 15.95 kwa mwaka. Aprili 2022 wakashusha, mpya za miaka 25 zikawa 12.56. Aliyenunua ile ya kwanza akitaka kuiuza wakati huo sokoni kabla haijaiva, atauza kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia au ya chini? Na kwa nini? Usigugo.

Mchumi Mtarajiwa

Shikamoo mama. Naanza hivi.

Ile ya zamani inalipa milioni 15.95 kwa mwaka kwa kila milioni 100, mpya inalipa 12.56. Tofauti ni milioni 3.39 kila mwaka mpaka iive. Hakuna mtu mwenye akili atakubali kuitoa kwa milioni 100 ile ile wakati inalipa zaidi, na mnunuzi naye yuko tayari kuongeza juu ili aipate. Kwahiyo bei inapanda juu ya mia. Riba za soko zikishuka bei ya hatifungani za zamani inapanda, zikipanda bei inashuka. Na kadri miaka iliyobaki inavyokuwa mingi ndo bei inayumba zaidi, kwa sababu hiyo tofauti inajirudia mara nyingi.

Na akiamua kutouza anaendelea kula riba yake ya 15.95 kama kawaida, kilichobadilika ni bei ya sokoni tu.

Mama Hatifungani

Marahaba. Umeipata yote, hata hiyo ya miaka iliyobaki sikuiuliza. Ongeza kwamba riba inalipwa kila baada ya miezi sita, kwahiyo mwenye milioni 100 anapokea milioni 7.975 mara mbili kwa mwaka, na haikatwi kodi ya zuio. Wakikuuliza anaingiza kiasi gani mkononi kwa mwaka, kwenye machaguo watakuwekea jibu moja lililokatwa asilimia 10, liruke.

Dada wa Mpakani

Mdogo wangu hapo kwenye mchujo hawakuoni. Usaili wako ni wa mkoa gani, nami nina mtu ameitwa kada hiyo hiyo, mkutane msome pamoja.